Taa za Watu Katika Garaji

Garaji yetu haijawahi kuingiwa na motokari tangu tuipate. Aliyejenga nyumba hii kabla yetu alikuwa na gari la kazi, akalijengea chumba chake pembeni, chenye milango miwili ya mbao na sakafu ya simenti yenye doa la mafuta katikati. Mimi nilikuja na baiskeli tu, na hiyo nayo ililala sebuleni. Basi garaji ikawa atelye yangu, karakana ya kazi. Humo nilitengeneza taa za wavuvi, zile za kupigwa pampu. Naandika hapa namna nilivyozilinda zisiibwe, namna zilivyoibwa hata hivyo, na namna zilivyorudi. Sijui kama nitaandika sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la sita, na hilo la sita sikulimaliza. Lakini nina kaye, yaani daftari, niliyoandikaandika siku zile, na pale ambapo kaye na kichwa changu havipatani, nitasema.

Majina sitaandika. Wengine waliorudisha vitu wangechekwa, na wengine waliochukua, watoto wao wamesoma darasa moja na wangu.

Kwa asiyeishi kando ya ziwa letu nieleze kidogo. Ndakala, vile visamaki vidogo vya Tanganyika, hufuata mwanga. Wavuvi wa Uvira huingia ziwani na taa, taa huwaita samaki chini ya mitumbwi, na wavu unainuliwa. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa hakuna kazi: mwanga umetapakaa ziwa zima, na ndakala haoni sababu ya kufuata taa ya mtu. Siku hizo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, na huleta taa kwa fundi. Ndiyo kusema katika kila mwezi kulikuwa na siku ambazo garaji yangu ilikuwa karibu tupu, na siku ambazo ilijaa taa za watu mpaka sikuwa na pa kuweka mguu. Mimi niliijua hesabu hiyo. Wavuvi waliijua. Na wezi waliijua pia, maana baadhi yao walikuwa wamewahi kuwa wavuvi.

Taa hazikuwa zangu, na hilo lilinisumbua kuliko yote. Msumeno wangu ukiibwa nitalia mwenyewe. Taa ya mvuvi ikiibwa kwangu, kuna nyumba inakosa mboga kwa sababu mimi nilifunga mlango vibaya.

Mwanzoni nilikuwa na kadenasi moja, kufuli kubwa, na upau wa chuma uliotoka kwenye lori lililokufa. Nikafunga pia makopo kwenye kamba nyuma ya mlango, ili mlango ukisukumwa yapige kelele. Yalipiga kelele kweli, kila upepo wa ziwa ulipovuma, mpaka tukazoea. Mwizi alipokuja, makopo yakalia, na sisi tukageuka upande wa pili tukaendelea kulala. Taa mbili zilikwenda. Moja ilikuwa ya jirani yangu, mkubwa wa ekipi, kikosi cha uvuvi, mtu wa ukoo uliokaa kwenye ufuo ule kabla mji haujaitwa mji. Yeye hakunigombeza, alinicheka, na mtu akikucheka huna pa kujibia. Alisema nimewapigia wezi ngoma ili wasichoke wakati wa kubeba.

Wengine walinishauri nipande milimani kwa mtu mwenye dawa ya kulinda mali, ambayo mkono wa mwizi ukiigusa unavimba. Mimi ni mtu wa kanisa, sikwenda. Lakini niseme ukweli wote: nilining'iniza juu ya mlango pembe ndogo ya mbuzi na kitambaa chekundu, na mtu akiniuliza nilinyamaza tu. Nilijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Sasa sina hakika.

Aliyepata njia ya kweli ni mke wangu. Katika kaye nimeandika "wazo lilitujia." Halikutujia. Lilimjia yeye. Alisimama mlangoni alasiri moja na beseni lake la ndakala kichwani, akanitazama nikipanga taa mstari kwa mstari, akauliza ni kitu gani ndani ya taa ambacho hakipatikani hapa Uvira. Nikamwonyesha lile bomba dogo jembamba ambamo petroli, yaani mafuta ya taa, hupanda, hupata moto na kuwa hewa. Mimi huliita koo la taa. Bila koo, taa ni sufuria yenye kioo. Akauliza kama linaondoka. Nikamwambia linafunguliwa kwa mkono. Akatazama ukubwa wake, sawa na kidole chake cha mwisho.

"Na weye unaliacha lilale huku na wezi," akasema. "Hilo njo lilale na sisi."

Tangu siku hiyo, kila alasiri nikimaliza kazi nilifungua makoo ya taa zote, nikafunga kila moja uzi wa rangi yake ili nijue ni la taa ya nani, nikayaweka katika kopo la maziwa ya unga, na kopo likaingia chini ya kitanda chetu.

Hapo lazima niseme aibu yangu moja ya kazi. Makoo mapya yalikuwa hayaji tena tangu vita ya kwanza ya huku kwetu. Nikawa ninayatengeneza mwenyewe: bomba kutoka motokari zilizokufa, na kitako cha shaba nilichoyeyusha kutoka maganda ya risasi, ambayo vita ile ilituachia kwa wingi. Kile kitako lazima kichongwe meno ya kufungia, na tundu la tanki nalo lichongwe upya ili likubaliane nacho. Chombo changu cha kuchongea meno kilikuwa kimeliwa upande mmoja. Meno yalitoka yamelala. Yalishika vizuri, hayakuvuja, lakini hayakuwa meno ya kiwandani. Taa ikishapita kwangu, koo lingine lolote haliingii. Mafundi wenzangu walikuwa wanalalamika, na walikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika katika kaye, mara mbili, kwamba siku nitakayopata chombo kizuri nitarudia taa zote za watu, moja moja, nizinyooshe.

Vita ya pili ilitukuta mwezi ukiwa mkubwa.

Sitaandika vita yenyewe. Kuna watu walioiona karibu zaidi kuliko mimi, na wengine hawakubaki kuieleza. Mimi niliona barabara imejaa watu mchana kweupe, wanatoka upande wa bonde la Ruzizi, kaskazini, na wanatoka kwetu, wote wanashika njia ya kusini kando ya ziwa. Garajini kulikuwa na taa thelathini na moja. Nilizifunga sita kwenye baiskeli. Mke wangu alikuja akanikuta naifunga ya saba, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa yule mtoto wetu mwenye homa atapanda wapi. Nikazifungua. Nilizirudisha ndani moja moja, nikaweka upau, nikafunga kadenasi kama mtu anayekwenda sokoni. Mtoto akapanda baiskeli, godoro likapanda kichwa changu, na mke wangu akabeba sufuria na ndani ya sufuria lile kopo, mama yake akitufuata nyuma.

Mpaka leo huwa nazihesabu zile sita. Zingewezekana? Nafikiri tatu zingewezekana, kama ningeacha godoro. Nimeshamwambia mke wangu hivyo, naye anasema godoro ndilo alilolalia mama yake njiani, na hapo mazungumzo yanaisha.

Siku ya pili tulifika kwenye bariere, kizuizi cha barabarani. Vijana wenye bunduki walikuwa wanafungua mizigo. Mmoja alifungua kopo, akamwaga makoo juu ya kikwembe, kitambaa alichojifunga mke wangu. Vipande thelathini na kimoja vya shaba, vinang'aa. Akatuuliza hizo ni risasi za bunduki gani. Mimi nilishindwa kusema, kwa sababu kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni kilikuwa ukweli, kwamba ni kweli zilikuwa risasi zamani. Mke wangu akanitangulia.

"Ni makoo ya taa, mwanangu. Za kuvulia ndakala. Puliza uone."

Akapuliza. Likalia filimbi. Akapuliza tena, wenzake wakacheka, na yeye akacheka, na uso wake ukarudi kuwa wa miaka yake, labda kumi na minane. Akalitia moja mfukoni, lenye uzi wa kijani, akatupungia mkono tupite. Nimesikia watu wakiwasema vijana wale, na yaliyosemwa mengi ni kweli. Huyu alituacha. Nayo pia iandikwe.

Tuliporudi, mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye, garaji haikuwa na milango. Upau ulikuwa chini, kadenasi bado imeufunga, haijaguswa. Walikuwa wameng'oa mbao zenyewe. Manjanja, yale mabati ya upande mmoja wa paa, yalikuwa yamekwenda. Chuma cha kushikia vitu nilichokuwa nimekifunga kwenye meza kilikuwa kimekwenda pamoja na meza. Taa zote thelathini na moja zilikuwa zimekwenda. Pembe ya mbuzi ilikuwa palepale.

Baada ya wiki moja niliona ubao mmoja wa mlango wangu katika nyumba ya jirani wa nyuma, umekuwa kitanda cha watoto. Niliujua kwa tundu la komeo. Watoto wawili walikuwa wamelala juu yake. Nilisalimia, nikazungumza habari za mvua, nikatoka. Simsifu mtu kwa hilo, wala sijisifu mimi mwenyewe. Mbao zilikuwa zangu na nilizihitaji. Ila sikupata neno la kuanzia.

Niliamua kwenda mwenyewe kwa kila mwenye taa kabla hajaja kwangu. Walikuwa watu kumi na wanne. Wengine hawakuwa wamerudi. Jirani yangu mkubwa wa ekipi alikuwa na taa nne kwangu. Alinisikiliza, akauliza nimeokoa nini. Nikamwonyesha kopo. Alitazama ndani muda mrefu.

"Fundi," akasema, "umekimbia na makoo, umewaachia tumbo."

Kisha akaketi, akasema wataingia ziwani na taa moja waliyobaki nayo, na ndakala wakiuliza wengine wako wapi atawaambia waje kwangu. Hivyo ndivyo alivyonigombeza.

Lakini kulikuwa na mama mmoja, mjane, ambaye mali yake yote ilikuwa taa mbili. Yeye hakuvua. Aliwapa wavuvi taa, nao walimletea sehemu yake ya ndakala asubuhi, akaanika, akauza, akalisha wajukuu wanne. Nilimwambia. Alirudi kwenye kuni zake. Tangu siku hiyo tukikutana njiani alipita upande wa pili, na nikimwamkia alikuwa anatazama ziwa. Sikumlaumu. Nilipita mbele ya nyumba yake kila siku kwenda kutafuta vibarua, na kila siku nilimwamkia, na kila siku nilijiuliza kama namwamkia kwa heshima au kwa kutaka anisamehe haraka nipumzike.

Nilikuwa nimekata shauri kuacha kazi ya taa. Nani atampa taa mtu ambaye taa zimemwishia mikononi?

Hapo ndipo alipokuja mtu mmoja wa bonde. Ilikuwa asubuhi, sijui mwezi wa ngapi baada ya kurudi kwetu; kaye inasema wa tatu, mke wangu anasema ulikuwa wa pili na mahindi yalikuwa bado mabichi. Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka upande wa Kamanyola, mtu mzima, anazungumza Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, amepiga baiskeli tangu alfajiri ya siku iliyotangulia. Nyuma ya baiskeli alikuwa na kitu kimefungwa katika kikapu na majani makavu ya migomba. Alipokifungua, nilikuta taa. Tanki lilikuwa na kibonyeo pembeni, chini ya pampu. Nilikijua kibonyeo hicho kama ninavyojua kovu la mtoto wangu. Ilikuwa moja ya zile taa nne za jirani yangu, mkubwa wa ekipi.

Nilimwuliza ina shida gani. Akasema aliinunua sokoni, mbele ya watu, kwa ajili ya shapeli yao, kanisa dogo la kijijini, na haina koo. Amezunguka kwa mafundi wawili, wamejaribu makoo yote waliyonayo, taa inakataa. Fundi wa pili alitia kidole ndani ya tundu, akasikia meno, akaanza kucheka.

"Akaniambia, hii ni kazi ya yule mutu wa Uvira anakata meno kama mulevi," akasema yule mkulima. "Nenda kwake, njo peke yake ataweza. Sasa weye njo mulevi?"

Nikasema ndiyo mimi.

Nataka kuandika vizuri nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu sikufanya vizuri. Nilileta kopo, nikatafuta koo lenye uzi mweusi, nikalifunga. Liliingia kama mkono kwenye mfuko wake. Nikatia petroli, nikapiga pampu, nikawasha, na taa ikawaka pale pale mchana, nyeupe, inavuma. Yule mtu akapiga makofi. Akasema wanawake wa shapeli watalia wakiona. Nami nikamwacha afurahi, na alipokwisha kufurahi ndipo nikamwambia ni taa ya nani. Nilitakiwa kusema kwanza. Nadhani nilitaka kuona kama kweli koo lingekubali, na furaha yake nikaitumia kwa ajili ya yangu.

Makofi yakakoma.

"Muzee, minye sikuiba," akasema.

Nikamwambia naamini. Lakini kabla sijamaliza, jirani yangu alikuwa ameshafika. Aliisikia taa ikivuma kutoka kwenye nyavu zake. Mvuvi anaujua mvumo wa taa yake. Alikuwa na watu wake wawili. Mmoja wao, kijana mwenye hasira, alisikia yule mgeni akisema maneno mawili ya Kirundi kwa kuchanganyikiwa, na akaanza kusema mambo ambayo siku zile yalisemwa upesi sana kwetu, kwamba ndio hao, kwamba walikuja na vita na sasa wanarudi kutengenezewa walichoiba. Miezi ile mtu aliweza kupigwa kwa sababu ya lugha iliyomtoka mdomoni. Niliona yule mkulima akitazama baiskeli yake, iko mbali kiasi gani.

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nilisimama kwa sababu garaji haina milango na nilikuwa tayari katikati ya nafasi. Nikamwambia jirani yangu: "Kaka, mwizi gani analeta kitu mpaka kwa mulango ya mwenyewe? Ametoka Kamanyola kwa baiskeli. Angekuwa ameiba, angeitupa mtoni Ruzizi."

Jirani yangu alimgeukia mtu wake. Alimwambia yule kijana anyamaze, si kwa ukali, kama mtu anayeomba kamba. Akainua taa yake, akaigeuza, akakiona kibonyeo. Akamwuliza yule mkulima inafanya nini kwenye shapeli, maana kwake inajulikana kazi yake.

Yule mkulima akaeleza. Kijijini kwao nyumba nyingi ziliungua. Watu walilala katika shapeli, familia upande huu, familia upande ule. Mwanamke mmoja alijifungulia humo na hakukuwa na mwanga, mkunga alifanya kazi kwa vidole, na mtoto aliishi lakini mama nusura afe. Baada ya hapo wakristo walichanga, kila nyumba kitu kidogo cha shamba, wakamtuma yeye sokoni kutafuta taa. Alisema haya yote akitazama chini. Kisha akasema taa ni ya mwenyewe, ataiacha, anaomba tu mtu mmoja aandike barua aipeleke kwa katekista, wasije wakasema kwao ameila.

Taa ilikuwa bado inavuma, hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Mwezi ukiwa mukubwa, hii taa haina kazi kwetu," jirani yangu akasema mwishowe. "Inalala kwa huyu fundi, analala nayo, unaona alivyoilinda. Ukuje siku zile uichukue. Giza ikirudi, unairudisha."

Yule mkulima akauliza kama anamcheka. Jirani akasema anamcheka fundi, yeye hamcheki.

Basi ikawa hivyo. Siku za mwezi taa ilikwenda bondeni kwa baiskeli, siku za giza ilirudi ziwani. Mara ya kwanza kijana yule mwenye hasira alisema haitarudi. Ilirudi siku moja kabla, imesuguliwa na jivu mpaka ikang'aa, na ndani ya kikapu kulikuwa na mchele. Nimwandikie haki na yule kijana: yeye ndiye aliyeibeba mpaka ufukoni, na alikula ule mchele kama sisi wote.

Yule mkulima alifanya zaidi ya hapo. Alisimama katika shapeli yao akasema kwamba zile taa zilizokufa zinazouzwa katika masoko ya bonde hazikufa, zina watu wake Uvira, na fundi anajua kila moja ni ya nani. Sikumwomba. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu wengine waliokuwa wamenunua walimkasirikia. Lakini taa zikaanza kuja. Zilikuja kwenye baiskeli, zilikuja vichwani mwa akina mama wanaokuja kuuza mihogo. Moja tuliikuta mlangoni mwa nyumba imeviringishwa katika kikwembe kilichochakaa, hakuna mtu. Kila aliyeleta alisema maneno yale yale, kwamba hakuiba, na kila mwenye taa alipatana naye kwa namna yake. Wengine walifuata mpango wa mwezi. Wengine walikataa kuazima, wakachukua taa yao wakasema asante, na hao pia walikuwa na haki.

Mmoja aliyekuja na taa alikataa kuiacha. Alikuwa ameitolea mbuzi, mbuzi wake wa pekee. Nikakataa kumpa koo. Tulitazamana, akaifunga tena kwenye baiskeli, akaondoka nayo ikiwa haina faida kwake wala kwa mwenyewe. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Nimeuliza watu watatu, na wamenipa majibu matatu.

Mji mzima ukasema nina dawa. Walisema kitu cha fundi kinarudi chenyewe kwa miguu. Mtu mmoja alitaka nimwekee ile dawa kwenye nyumba yake mpya. Nikaona pembe ya mbuzi imenifikisha pabaya, nikaishusha, na Jumapili moja nikaomba ruhusa kanisani, nikasimama nikaeleza kwamba hakuna dawa, ni meno tu, ni chombo kibovu kilichokata vibaya, na wazo la kuondoa makoo ni la mke wangu. Watu walinisikiliza kwa upole. Walipotoka nje walisema dawa yenyewe ni kali kiasi kwamba inamkataza kuitaja.

Katika taa thelathini na moja, zilirudi ishirini na mbili. Nawashukuru waliozileta, hata wale waliozileta kwa kinyongo. Namshukuru yule fundi wa bonde ambaye sikuwahi kumwona, ambaye angeweza kuchonga tundu upya akafunga koo lake mwenyewe, kazi ya nusu saa, na badala yake alicheka na kumtuma mtu kwangu. Namshukuru jirani yangu kwa kuuliza swali kabla ya kuchukua. Na zile tisa ambazo hazikurudi, naomba ziwe zinamwangazia mtu mahali fulani, ingawa ninajua kwamba bila koo haziwezi.

Zile mbili za mama mjane hazikurudi. Makoo yake, yenye uzi mwekundu, yalibaki katika kopo. Kila baiskeli ilipoingia kutoka bondeni nilitoka mbio kutazama, na najua naye alikuwa anatazama kutoka kwake, kwa sababu nyumba yake iko juu kidogo na anaona barabara. Kila taa ya mtu mwingine iliyowaka garajini kwangu ilikuwa inamwambia kwamba yake bado. Nilimwazima taa yetu ya nyumbani, kwa kumtuma mke wangu. Aliipokea kutoka kwa mke wangu. Mimi akinikuta, aliendelea kutazama ziwa.

Ilipita zaidi ya mwaka. Nilikuwa nimeweka mlango mpya, wa mabati ya pipa yaliyonyooshwa, na nilikuwa nimerudia kazi kidogokidogo. Alasiri moja, siku za mwezi mkubwa, aliingia. Hakubisha. Alikuwa amebeba taa kichwani, mpya, imevuka ziwa kutoka upande wa Kigoma, mkwe wake alimletea. Nilimwamkia. Akaitika, kama vile alikuwa ameitika siku zote. Akaweka taa chini, karibu na lile doa la mafuta.

Nilimwambia taa hii ni nzima, mama, haihitaji fundi, nisile pesa yako bure. Nilitaka pia kumwambia kwamba nimepata chombo kipya cha kuchongea, kilichonyooka, na kwamba nilikuwa nafikiri kuanza kunyoosha kazi zangu zote za zamani. Sikumaliza. Aliketi juu ya debe, akavua ndara zake, akazipanga pamoja.

"Mimi sikuleta uitengeneze," akasema. "Ukate ile meno yako. Ile ya mulevi."

Nilitafuta chombo cha zamani ndani ya sanduku. Kilikuwa kimeshika kutu, ilibidi nikisafishe kwa petroli. Mama alikaa pale alasiri nzima, akinitazama nikiiharibu taa yake mpya. Mara mbili aliniambia niongeze nguvu. Nilipomaliza nilijaribu koo moja kati ya yale yake mawili ya kopo, likaingia; nikalifungua, nikatafuta uzi mwekundu mpya nilifunge, ule wa zamani ulikuwa umechakaa. Yeye akanyoosha mkono kwanza, nikafikiri analitaka aende nalo kwake, na nikampa. Aliligeuza vidoleni, akapitisha kucha kwenye meno yake, akanirudishia.

"Lilale na nyinyi," akasema, akavaa ndara, akaniachia taa yake humo ndani mpaka giza lirudi.